Waliolala Watahamishwa Kwanza

4 Machi

Wifi yangu Rula,

Mimi mzima, cherehani nzima, paa zima. Mgonjwa ni barabara peke yake. Malori yamejipanga kutoka geti la bandari hadi mlangoni kwangu, yakaona hapatoshi, yakakata kona.

Madereva wamenifundisha hiyo kanuni mpya. Zamani mzigo wa nchi jirani ulishushwa melini, ukapakiwa, ukaenda zake kukaguliwa mpakani. Sasa wakubwa wa biashara wamekubaliana ukaguliwe na ulipiwe ushuru hapa hapa bandarini, kabla haujatikisika. Kwa hiyo meli inashusha, lori linasubiri, na kontena linakaa katikati kama mgeni asiyejua kuaga. Chuo sikusoma, lakini ndoo naijua: ukifungulia bomba huku umeziba tundu, usiyalaumu maji.

Silalamiki. Turubai la lori linalosimama juani huchanika kuliko la lori linalotembea, na likichanika linaletwa kwangu. Taabu ya taifa ni riziki ya fundi.

Ila mtaani kuna maneno. Wanasema bandari imejaa na sasa inatafuta ardhi, na kwamba ukuta utavunjwa uje upande wetu. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tunao, na sasa tunaambiwa unatembea.

Wewe ndiye mpangaji wa nafasi huko makao makuu. Niambie ukweli, mtaanza na nini? Nijibu kwa barua, umpe Polepole, huyu dereva aliyekuletea hii. Simu sitaki. Kreni zikipiga kelele huwa naitikia "sawa" kwa kila kitu, na siku moja nitakubali kuolewa bila kujua.

Mumeo nilimpitia Jumapili kule makaburini nyuma ya ukuta. Majani yalikuwa mengi, nimeyapunguza. Nilimwambia unamsalimu, ingawa hukunituma.

Wifi yako,
Sindano

~

11 Machi

Wifi Sindano,

Asante kwa barua, asante kwa majani, na asante kwa salamu ambazo sikutuma. Polepole alifika ofisini na turubai begani kama shuka, mlinzi akadhani amekuja kulala.

Umeniuliza ukweli, nami nakupa kama ulivyo. Nafasi haitoshi. Yadi ilipimwa kwa ajili ya mizigo inayopita, si mizigo inayokaa. Mkutano mkubwa wa kugawa maeneo ni mwezi ujao, na mkuu wangu ananitegemea mimi nimletee jibu.

Kwa upande wangu nimeshaamua. Waliolala watahamishwa kwanza. Wamekaa pale muda mrefu kupita kiasi, hawana faida tena kwa mtu yeyote, na wengi hakuna hata anayekuja kuwauliza. Wengine karatasi zao zimepotea, hatujui ni wa nani. Tutawapeleka mbali huko bara, kwenye eneo lililo wazi, wakae wanavyotaka. Wakiondoka hao, walio hai watapumua. Habari za kuvunja ukuta ni za baadaye, tena si mimi ninayezipenda.

Nakuomba neno hili lisitoke kwanza. Wenye mali wakisikia mapema watakuja wote kwa pamoja kupiga kelele, na mkutano utaharibika.

Macho yananiuma kwa ramani. Nikifumba naona mistari.

Wifi yako,
Rula

~

17 Machi

Kwa Bibi Mpangaji wa Nafasi,

Barua yako nimeipokea. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi.

Nimekuwa nikijiuliza ni nini kinachompata mtu akikaa sana mbele ya ramani. Sasa najua. Huyo unayesema hana faida kwa mtu yeyote ndiye aliyekununulia hiyo miwani uliyovaa ukimwandika hivyo. Aliendesha kreni mvua na jua ili wewe umalize masomo ya kuchora mistari. Ndiye aliyekuita Rula, kwa sababu hata shuka ulilitandika kwa kupima, na akalisema jina hilo kwa majivuno mtaa mzima tukalishika. Leo umemtandikia yeye.

Unasema hakuna anayekuja kuwauliza. Mimi huenda. Mama wa marehemu fundi bomba huenda. Mwenyekiti wetu wa mtaa huenda, japo anaenda kuvuta sigara ambayo mkewe haijui. Asiyekuja ni mmoja, na sitamtaja kwa kuwa ndiye ninayemwandikia.

Umeniomba neno lisitoke. Nitanyamaza kama ulivyoniomba, nikishamaliza kuwaambia wote.

Dada wa Marehemu

~

23 Machi

Wifi yangu, wifi yangu, wifi yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye korido, na nilipofika kwenye miwani nikaivua. Keti tena, na safari hii unisikilize hadi mwisho.

Waliolala ni makontena.

Hapa ofisini kontena likikaa yadini bila mwenyewe kuja kulichukua, tunasema limelala. Yakiwa mengi tunayaita waliolala, kama watu, kwa utani wa ofisi. Kuna waliolala tangu kanuni ya zamani, wenyewe wamefilisika au wametoroka ushuru. Ndio ninaotaka kuwapeleka bandari kavu, ule uwanja mkubwa wa bara ulio karibu na mpaka, ili yadi ipate nafasi na wewe upate kubaki kwenye nyumba yako. Na hao wenye mali niliosema watapiga kelele ni wenye makontena, si wenye maiti.

Nimezoea neno hilo hadi nimesahau kwamba nje ya jengo hili lina maana yake. Nisamehe. Nikikuwazia unasoma "hawana faida tena" huku umetoka kung'oa majani pale, natamani kuingia chini ya meza, na nikikuwazia unatia saini "Dada wa Marehemu" nacheka na kulia kwa zamu.

Tafadhali usiwaambie watu. Kama umeshawaambia, waambie tena.

Polepole ameniapia kukufikishia hii upesi. Najua jina lake, lakini sina mwingine.

Wifi yako bado, ukikubali,
Rula

~

2 Aprili

Kwa Bibi Mpangaji,

Sijapata jibu lako. Nimekichukua hicho kimya kuwa ndilo jibu.

Nakuandikia si kwa undugu bali kwa taarifa, ili usije kusema hukuambiwa. Mtaa umeamka. Tulikwenda ofisi ya ardhi mimi na Mwenyekiti. Karani akatazama ramani yake akasema hapo pana eneo tupu. Mwenyekiti akamwambia baba yake mzazi yuko humo. Karani akajibu kwa upole kabisa kwamba hajaandikishwa. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo walivyotuambia, isipokuwa wao walitumia maneno marefu.

Basi tukaamua awepo. Madereva waliokwama kwenye foleni wamekuwa raia wa mtaa huu. Kwa kukaa bure wamejua hata majina ya kuku wetu. Nikawaambia kuna kazi isiyo na malipo, wakaja wengi kuliko wangekuja kwa kazi yenye malipo, maana hiyo ingekuwa na msimamizi. Wamefyeka, wamechimba mashimo, wamesimamisha nguzo. Kila mmoja ametoa turubai lake bovu, nami nimeyaunganisha yote kuwa uzio, bluu, kijani, na moja la chungwa lililoandikwa "Bora Uhai". Hilo tumeligeuza maandishi yaangalie ndani.

Mpima ardhi amekuja mara ya kwanza na miwani ya jua. Akazunguka, akasema naye, "Lakini kwenye ramani hapa ni patupu." Nikamwambia, "Basi ingia peke yako, ukae mpaka giza liingie, halafu uje unieleze." Hakuingia. Amesema atarudi kuweka mawe ya mpaka ikiwa atakuta uzio kamili na mtaa bado una nia moja.

Barua hii imechukuliwa na dereva mwingine ambaye mzigo wake umeruhusiwa. Polepole hatumwoni. Labda naye mmemhamisha.

Dada wa Marehemu

~

7 Aprili

Wifi,

Kumbe barua yangu ya kujieleza bado haijafika. Nimeuliza: lori la Polepole liko nje ya mji wenu, kwenye foleni ya kuingia, nyuma ya foleni ya kusubiri foleni. Maelezo yangu yote yamekwama humo kwa sababu ya kanuni ileile.

Nakuambia tena kwa ufupi: waliolala ni makontena yaliyokaa sana. Hakuna aliyetaka kumgusa kaka yako.

Ndivyo nilivyoamini mpaka juzi.

Nilipofika kwenye maneno ya karani, "eneo tupu", nikaiacha barua yako nikaifungua ramani ya mkutano. Tuna njia mbili. Ya kwanza ni bandari kavu. Ya pili ni kuvunja ukuta na kutandaza yadi juu ya Kipande D, eneo tupu, tambarare, la karibu. Mkuu wangu anaipenda ya pili kwa sababu iko karibu na kreni. Mimi mwenyewe ndiye niliyekipaka Kipande D rangi ya njano. Nilifuatisha ukuta kwa kidole hadi nyuma ya karakana yako. Wifi, Kipande D ni makaburi.

Sikujua; ramani iliyonifikia ilisema patupu, nami sikuilinganisha na mtaa. Nataka uniamini, ingawa nina haki ndogo ya kuaminiwa. Siku mliyomzika nilikuwa nimelazwa hospitalini. Nilipotoka nikapewa uhamisho, nikaupokea mbio. Sijawahi kukanyaga pale. Umekosea neno, lakini bila kosa lako mimi ningekwenda kwenye mkutano na njano yangu.

Kwa hiyo nakuomba, usiuguse uzio. Hata ukiipata ile barua iliyo kwa Polepole na ukacheka, usiuguse. Mpima akija akute umesimama, na mawe yawekwe kabla ya mkutano. Ardhi yenye mawe hawaivamii kirahisi. Isiyo na mawe ni njano.

Nampa hii dereva mwenye haraka, anaitwa Kiberiti.

Rula

~

8 Aprili

Wifi yangu mpenzi, mpangaji wa makontena,

Polepole ameingia asubuhi, ndevu hadi kifuani, na barua yako ikiwa na alama ya chai. Nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikasimama tena, sikujua barua hii inasomwa vipi.

Makontena.

Nimewakusanya wazee wa mtaa. Nimemtisha mpima ardhi na miwani yake ya jua. Nimesimama kwenye ofisi ya serikali nikapiga meza. Makontena. Nilipomweleza Mwenyekiti, alisema jambo hili libaki baina yetu, kwa heshima ya ofisi yake.

Nisamehe kwa miwani. Nisamehe kwa "asiyekuja ni mmoja". Maneno hayo niliyashona kwa sindano nene, na najua yamepita hadi upande wa pili.

Madereva nao wameanza kuulizia maturubai, kwani hata bovu lina kazi yake na mawingu yanajikusanya. Haifai kuwafungia watu mali kwa sababu nilisoma neno vibaya. Kesho naanza kuufumua uzio, na mpima nitamtumia ujumbe asijisumbue.

Asante kwa kutokasirika. Mimi ningekasirika.

Wifi yako tena, kama nafasi haijajazwa,
Sindano

~

12 Aprili

Wifi,

Sikiliza jinsi Mungu anavyofanya kazi na watu wasio na adabu ya barabara.

Nilifumua upande wa magharibi wote. Nilikuwa juu ya ngazi, uzi mdomoni, natafuta pa kuanzia upande wa karakana, Kiberiti akaingia na lori akipita pembeni ya foleni, kwenye majani, huku wenzake wakimtukania ukoo. Barua yako ameitoa kwenye soksi. Nimeisoma hukohuko juu. Nilipofika "Kipande D ni makaburi" nikameza uzi.

Ujumbe kwa mpima ulikuwa umeshakwenda na mpwa wa Mwenyekiti. Mwenyekiti, ambaye tangu nimjue sijamwona akitembea haraka, alikimbia. Alimkuta mpwa bado anajadili mpira kibandani. Ninashukuru uvivu wa kijana huyo kuliko bidii ya watu wengi ninaowajua.

Madereva nikawakusanya nikawaambia ukweli: mwanzo nilikosea neno, lakini jambo lenyewe limegeuka kuwa kweli. Nilitarajia matusi. Polepole akasema yeye haelewi habari za maneno, yeye anaelewa shimo, na nguzo anazo. Tukashona upya. Wengine walishika turubai kwa mikono huku napitisha sindano, mvua ikianza.

Mpima amekuja amelowa. Ameuliza kama mtaa bado una nia moja. Mwenyekiti, koti limemgandia mwilini, akamwambia, "Angalia hawa wanaoshika turubai. Hata si wa mtaa huu." Akaweka mawe. Yako imara, nimeyapiga teke mwenyewe.

Asante kwa kuitazama ile ramani mara ya pili. Kazi iliyobaki ni yako.

Sindano

~

20 Aprili

Wifi,

Mkutano umekwisha.

Walianza na Kipande D. Mkuu wangu alitandaza picha mpya iliyopigwa kutoka angani, na pale penye njano yangu ya zamani palionekana mstari mnene wa bluu, kijani, na doa la chungwa. Akauliza ni kitu gani hicho. Watu wa ramani wakatazamana. Mmoja akasema labda ni soko.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri yenye takwimu. Ikapotea. Nikasema, "Ni mume wangu."

Nikawaeleza habari za makaburi, mawe ya mpaka na nyinyi mlioshika turubai mvuani. Kisha takwimu zikanirudia: waliolala wamekalia sehemu kubwa ya yadi kuliko tungepata kwa kuvunja ukuta, na wakubwa wa biashara wamekubali kulegeza kanuni, mzigo ukaguliwe bandari kavu kama bandarini. Yaani tulikuwa tunatafuta ardhi ya kuwaweka waliokwisha kusahauliwa juu ya wasiosahauliwa. Hilo la mwisho sikulisema. Nimekuandikia wewe.

Mkuu wangu si mtu wa machozi. Alichukua kalamu, akaandika juu ya picha, akasema, "Basi Kipande D kimejaa. Tuendelee." Nikamshukuru kwa hilo neno moja kuliko angenikumbatia.

Treni ya kwanza ya makontena itaondoka mwezi huu kwenda bara. Ukuta unabaki ulipo. Wewe unabaki ulipo. Yeye anabaki alipo.

Sijui watu hushukuru vipi kwa kitu kama hiki. Ukijua unifundishe.

Rula

~

1 Juni

Wifi yangu,

Barabara imepona. Asubuhi nimefungua mlango nikaona ng'ambo, mara ya kwanza mwaka huu, na kumbe jirani alipaka nyumba rangi. Malori yanaingia, yanapakia, yanapita bila kusimama. Turubai halina muda wa kuchanika. Umeniokolea kaka yangu, ukaniulia biashara. Sikudai, nakutajia tu. Nimeanza kushona mabegi ya shule kwa turubai, na wazazi wanayasifu kwa sababu watoto wameshindwa kuyaharibu.

Tulimaliza uzio wa kudumu wa waya, madereva wakachukua maturubai yao. Polepole alikuja kuaga kwa heshima zote, halafu kesho yake akawepo tena, amesahau jeki.

Umeuliza watu hushukuru vipi. Mimi sijui, sikusoma. Najua kwamba siku ile kule mvuani nilikuwa na mikono mingi kuliko turubai, na hakuna aliyeniuliza marehemu alikuwa nani. Nimeshindwa kuwalipa, nao wameshindwa kudai, tukaachana hivyo.

Kuhusu kuja kwako, sikuhimizi. Nakuambia tu kwamba geti la makaburi halifungwi, nyasi ni fupi, na ukifika mchana hakuna mtu isipokuwa Mwenyekiti na sigara yake. Chumba nimekutandikia. Nilijaribu kwa kupima, nikashindwa.

Wifi yako,
Sindano

~

19 Juni

Wifi,

Nimerudi salama. Kiberiti aliendesha, kwa hiyo nimefika kabla sijaondoka.

Asante kwa kunisindikiza hadi getini na kutoingia. Najua ulitaka kuingia. Nilikuona unajifanya kukagua waya.

Nilidhani nitalia kwanza, lakini nilianza kuongea. Nilimweleza yote, kanuni mpya, foleni, mkutano, makontena yaliyopanda treni, na jinsi nilivyompaka njano mume wangu mwenyewe bila kujua. Maelezo yalikuwa marefu, unanijua. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo akiwa hai hakuwahi kulifanya hata mara moja.

Ndipo nikalia.

Nitarudi kila nikipata likizo. Asante, wifi, kwa kunitunzia mtu wa kumhadithia.

Rula